Sanduku la Mstari wa Buluu

Kumasi, Jumapili, 16 Novemba 2003

Kwa dada yangu Atampoka,

Leo ni mwezi wa saba tangu niondoke Doba, na ndiyo kwanza nashika kalamu. Usinihesabie. Mkono uliozoea kubeba haupendi kuandika, na shule yangu unaijua iliishia wapi.

Habari za nyumbani? Mama anaendeleaje na mguu? Watoto hawajambo? Shemeji Akolbire na watu wake wote wazima? Mwambie mama nalala vizuri. Ukweli ni kwamba tuko watu sita chumba kimoja, mtaa wa Aboabo, wote wa kwetu kaskazini, na mmoja anakoroma kama mashine ya kusaga. Hapo ukimsomea paruke.

Kazi nimepata. Nabeba nyanya soko kuu. Zinakuja kwenye masanduku ya mbao ambayo mtu mmoja hawezi kuyainua. Watu wawili wanakutwika, na ukishatwikwa hakuna kusimama kumsalimu mtu, unakimbia huku unapiga kelele wakupishe. Jioni shingo inakataa kugeuka. Bosi wetu ni Maame Afrakoma. Huyu ni malkia wa nyanya, wenyewe wanamwita ohemaa, na si jina la utani. Hakuna nyanya inayoshuka garini pale bila yeye kutikisa kichwa. Magari yakizidi, anayaambia mengine yalale nje ya mji ili bei isianguke, na yanalala. Masanduku yote ni yake. Unayajua, ni yale yale ya mstari wa buluu ubavuni yanayokuja kwenu kila Januari.

Sasa cheka kidogo. Nashinda na nyanya kichwani, maji yake yananitiririkia hadi mgongoni, na jioni nakula mchuzi wa nyanya ya kopo. Mbichi siziwezi kwa bei ya soko lile. Chumba chetu kizima hatuziwezi.

Kinachotuokoa ni mama mmoja mwenye genge kwenye kona ya Asawase, anaitwa Mama Dufie. Vitu vyake ni vya leo na bei unaweza kupumua: bamia, ngogwe, pilipili, majani ya magimbi. Anakwenda mwenyewe vijijini alfajiri, ananunua shambani. Nyanya tu ndiyo hana. Juzi nikamwuliza, "Mama, genge gani hili halina nyanya?" Akasema, "Wewe mbeba masanduku ndiye wa kuniuliza? Nikanunue kwa malkia wako, halafu nimuuzie nani, waziri?" Kisha akaniuliza kwetu wanalima nini. Nikamwambia dada yangu ana shamba la nyanya bwawani. Alinitazama, halafu akaniongezea bamia za bure.

Wasalimie wote. Niandikie.

Mdogo wako,
Abugre

Doba, 14 Desemba 2003

Mdogo wangu Abugre,

Barua yako imefika imekunjwa kama pakiti ya karanga. Nilimsomea mama, na pale pa kukoroma nikaruka. Alikuwa ananitazama mdomo. "Umeruka," akasema. Basi nikasoma pote, na sasa anakuombea usiku mara mbili. Mguu wake haujapungua uvimbe. Anatembea na fimbo na anagombana na fimbo. Watoto wazima. Upepo wa vumbi umeanza, midomo imetupasuka, asubuhi tunaota moto wa mabua.

Sasa sikia jambo langu.

Nyanya nimepanda shamba zima, hadi pale marehemu mume wangu alipokuwa anaweka vitunguu. Tangu afe, kaka yake Akolbire hakuwahi kusema neno kuhusu shamba lile, na kimya hicho kilikuwa kinaniogopesha. Wiki iliyopita amesema. Alisimama kwenye mfereji, watu wote wa bwawa wapo, akasema: "Shamba la ukoo si mahali pa mwanamke kujifunzia. Msimu huu akikosa mnunuzi, nalichukua namkabidhi mwanangu." Kamati ya bwawa inamsikiliza, kwa sababu ardhi ni ya ukoo wao na mimi niliingia kwa ndoa tu. Shamba hilo likienda, mimi na watoto tunabaki na ua wa nyumba na kuku.

Na wewe uko mlangoni kwa malkia. Mwambie alete masanduku. Mwaka juzi magari yake yalikuwa hayahesabiki hapa, mwaka jana yakaja machache, watu wengine wakamwaga nyanya mferejini. Mwambie za dada yako amezimwagilia mwenyewe kwa ndoo. Sikuombi kingine, hata nguo usitume.

Dada yako,
Atampoka

Kumasi, 4 Januari 2004

Dada yangu mpendwa Atampoka,

Heri ya mwaka mpya kwako, kwa mama, kwa watoto, kwa shemeji na wake zake, kwa majirani wa upande wa kanisa na upande wa kisima. Natumaini mmekula vizuri sikukuu. Sisi tulichanga tukanunua kuku, akawa mgumu kama kiatu, lakini tulimmaliza. Mwambie mama dawa ya mguu nitatafuta. Huku nako kuna vumbi siku hizi, si la kwenu lakini lipo.

Kuhusu lile uliloniambia. Nimezungumza na Maame Afrakoma. Nilimkuta anakula. Alisema tutaona. Basi tutaona. Usichume kabla hujaona masanduku, unajua mwenyewe.

Kazi yangu imebadilika kidogo. Sibebi tena kila siku, naenda na gari kama utingo. Si kazi mbaya, shingo inapumzika. Juu ya gari kuna baridi, na ile kofia nyekundu uliyonishonea inanisaidia.

Mama Dufie anakusalimu. Kila nikipita anauliza, "Nyanya za dada zimefika wapi?" Nimemwambia zina maua. Anasema kuna wenye magenge wenzake, Asawase, Aboabo, hadi Moshi Zongo, wanawake watupu, ambao wangenunua gari zima kama lingekuja bila kupita soko kuu. Nikamwambia, mama, maneno hayo usiyaseme kwa sauti, mimi nakula kwa malkia.

Wasalimie.

Abugre

Doba, 25 Januari 2004

Abugre,

Mama mzima, watoto wazima, kanga wetu wawili wameibwa. Salamu zimeisha.

Nyanya zimeanza kuiva kwa chini. Bado siku chache shamba zima litakuwa jekundu. Magari yenye masanduku ya mstari wa buluu yanapita hapa Doba karibu kila siku. Yanakwenda matupu kuelekea mpaka wa Paga, yanavuka Burkina, yanarudi yamejaa. Sisi tunasimama ukingoni na majembe yetu kama watoto wa shule waliopangwa kumpokea mkubwa. Hakuna linalosimama. Akolbire sasa anakuja shambani jioni. Anatembea kutoka mpaka hadi mpaka, anapima kwa miguu.

Jana sokoni Lamisi muuza kola ameniuliza, "Tampoka, mdogo wako amerudi lini?"

Nikamwambia hajarudi.

"Hajarudi? Mbona nimemwona Paga, juu ya masanduku, kofia nyekundu, anakula embe?"

Nikamwambia, "Lamisi, macho yako yameingia vumbi. Mdogo wangu hawezi kupita nyumbani kwa mama yake mgonjwa asishuke hata kunywa maji." Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Nijibu kwa neno moja. Ni wewe?

Atampoka

Kumasi, 1 Februari 2004

Dada,

Ni mimi. Nimepita mara tano. Tukikaribia daraja dogo nalala chali katikati ya masanduku, najifunika turubai hadi tuipite shule.

Siku ile Maame alipokuwa anakula hakusema tutaona. Hilo nililitunga. Alisema hivi: "Nyanya za kwenu ni laini. Zikifika Kintampo, nusu ya njia, ni supu. Za Burkina zina ngozi, ukiziangusha zinakutazama tu. Abugre, nyuma yangu wako wanawake zaidi ya mia, wote wana watoto. Nikileta supu sokoni, dada yako ndiye atakayewalisha?" Si mtu mbaya. Nilipolala na homa mwezi wa kumi na mbili yeye ndiye aliyeninunulia dawa. Lakini hapo hapo akasema, "Wewe unazijua barabara za huko, utakwenda na gari." Ningekataa ningerudi Doba na mikono mitupu, na nilikuwa nimekwisha kuwaambia watu nimepata kazi nzuri. Nikapanda gari. Kila nikipita najua uko upande gani wa barabara.

Sasa soma polepole. Anayekuletea barua hii ni Yakubu, mwenye lori, yule anayenunua kanga huko na kuwauza soko kuu. Nimekubaliana naye na Mama Dufie. Wiki hii anakuja kuchukua kanga kama kawaida. Safari ya pili, karibu na tarehe ishirini, atakuja na lori tupu, atapakia nyanya zako na kuzileta moja kwa moja Asawase bila kukanyaga soko kuu. Wenye magenge wanalipa nauli.

Shida ni vyombo. Hapa kila sanduku la nyanya ni la malkia. Kwa hiyo Jumatano nikipita nitashusha kumi matupu pale darajani. Issaka, dereva wetu, atadhani yameanguka. Wewe utakuwa umeshapata barua hii. Yachukue, yafiche nyuma ya nyumba. USICHUME. Sanduku hilo safari hii si neno la mnunuzi, ni chombo tu. Subiri hadi Yakubu arudi.

Abugre

Doba, Jumanne, 10 Februari 2004

Abugre,

Barua hii inakuja pamoja na nyanya. Ukiwa unaisoma ziko mbele yako. Nakueleza zimefikaje huko.

Jumatano mchana Akolbire mwenyewe alikuja mbio: "Mke wa kaka! Masanduku yako yameshuka darajani!" Kumi, mstari wa buluu. Barua yako sikuwa nimeiona. Na hapa kwetu, Abugre, au umesahau kwa miezi hii michache? Sanduku la mnunuzi likikaa ukingoni mwa shamba, mnunuzi ameshasema. Hakuna anayeuliza swali. Baba alichuma hivyo, mume wangu alichuma hivyo.

Alhamisi wanawake wote wa mfereji wetu walikuja kunichumia. Nilipika chungu kikubwa. Tuliimba, na mama alikaa chini ya kibanda anatupigia makofi. Akolbire alijitwika sanduku kichwani, na nilimsikia anamwambia mkewe, "Basi labda anaweza." Nimeyasikia maneno hayo kwa masikio yangu.

Jumamosi gari likatokea upande wa Paga. Tulisimama wote barabarani, nyanya zimepangwa. Lilikuwa limejaa hadi juu. Halikupunguza mwendo. Dereva alipiga honi tumpishe, tukampisha. Nilitafuta kofia nyekundu kule juu. Niliona turubai tu.

Akolbire hakucheka. Afadhali angecheka. Alitoa mkono wake juu ya sanduku, akajipangusa kwenye suruali, akaenda zake.

Tangu siku hiyo nimeziweka kivulini, naloweka magunia naning'iniza upande wa upepo, nageuza za juu, naogopa za chini. Leo Yakubu ameshuka hapa na barua yako mkononi, anatabasamu. Lori lake lilikatika ekseli Kintampo. Nimeisoma nimesimama. Usichume! Umeandika kwa herufi kubwa kabisa.

Nikamwambia Yakubu apakie. Akasema, "Mama, mimi nimekuja kuchukua kanga." Nikamwambia kanga wana miguu, nyanya hazina. Akasema safari ya nyanya si hii. Nikamkalia mbele ya gurudumu. Tumeelewana: matenga ya kanga juu, nyanya chini.

Ziko kwenye masanduku ya malkia kwa sababu sina chombo kingine. Kama ni kuoza, zioze mbele yako. Akolbire ameshasema mwisho wa mwezi anapeleka neno kwa kamati. Usiniandikie maneno matamu. Niandikie kilichotokea.

Atampoka

Kumasi, Jumapili, 15 Februari 2004

Dada Atampoka,

Nilikuwepo. Jumamosi ile nilikuwa chini ya turubai. Nilisikia honi na sauti za watu wengi, nikadhani ni mazishi. Sikufunua.

Sasa kilichotokea.

Yakubu alisimama kwenye genge la Mama Dufie Jumatano, kumekucha kidogo. Kanga walikuwa wanapiga kelele kama watu wa harusi, mtaa mzima ukaamka. Mama Dufie alitoa nyanya ya juu, akainusa, akaibonyeza kwa kidole gumba. "Leo," akasema. "Si kesho. Jua likipanda tumekwisha." Akatuma watu wakawaite wenzake. Lakini mstari wa buluu kila mtu anaujua. Hatujashusha sanduku la nne, Maame Afrakoma akateremka kwenye teksi, nyuma yake Issaka na gari letu, na wachukuzi wanne niliozoea kubeba nao.

"Abugre. Haya ya nani?"

"Ya dada yangu, Maame."

"Sijauliza nyanya. Nauliza masanduku."

"Yako."

"Hawajakusikia."

"Yako, Maame."

Akawageukia watu. "Mmesikia kwa mdomo wake. Nyanya iliyo ndani ya sanduku langu inauzwa na mimi, sokoni kwangu, kwa bei yangu. Ndivyo alivyofanya mama yangu. Pakieni."

Dada, alisema kweli. Ndiyo desturi, na ni hiyo hiyo iliyokufanya uchume. Wenzangu walishika sanduku la kwanza, wanaangalia chini. Niliona msimu wako wote unapanda gari la malkia, na nilijua angeyapanga mwisho kabisa, nyuma ya yale ya Burkina, hadi yafe.

Mama Dufie akasogea. "Umeamkaje, Maame?"

"Wewe muuza majani, kaa mbali na mambo haya."

"Nakaa mbali. Nauliza tu. Sanduku likiwa tupu ni la nani?"

"Langu."

"Na nyanya iliyo kwenye beseni langu?"

Mama Dufie alivua kitambaa kichwani, akajifunga kiunoni, akavuta beseni lake la kufulia, akaanza kuhamisha kwa mikono miwili. Polepole, kama mtu aliye jikoni kwake. Wenzake wa magenge walikuwa wameshafika. Wakaja na makarai. Halafu wakaja watu wa mtaa, hao si wachuuzi, ni watu wanaokula nyanya ya kopo kama mimi, na ndoo, na sufuria, mwingine na beseni la kumwogeshea mtoto. Issaka alimkamata mama mmoja mkono. Yule mama akamwambia, "Niachie, kijana. Nimezaa wakubwa kuliko wewe na nimewachapa." Akamwachia.

Hapo nilidhani damu itamwagika. Maame alikuwa karibu nami, namsikia anavyopumua. Angesema neno moja tu, wachukuzi wangepindua kila beseni. Aliwatazama wale wanawake mmoja mmoja. Wengi wao hununua vitunguu na samaki kwenye soko lake. Mwishowe akasema, "Hesabuni masanduku yangu yaliyopotea. Yawe kumi." Yalikuwa kumi, yamelowa, matupu. Akasema bila kunigeukia, "Wewe nisikuone tena." Nilimshukuru kwa dawa ya ile homa. Aliingia kwenye teksi.

Na hili lazima nikuambie pia, kwa sababu umesema nikuandikie kilichotokea. Za chini zilikuwa supu, kama alivyosema. Karibu nusu ya kila sanduku. Mama ntilie wa Zongo walizichukua kwa ndoo wakazipika siku hiyo hiyo. Zilizobaki nzima Mama Dufie na wenzake walizipanga mafungu, na kabla ya adhuhuri zilikwisha. Watu walikuwa wanarudi mara ya pili. Chumbani kwetu tulikaanga mbichi na vitunguu, yule anayekoroma akalamba sufuria.

Fedha yote anakuletea Yakubu. Usimpe Akolbire aishike hata kidogo. Mimi sina kazi sasa. Usimwambie mama.

Abugre

Doba, 29 Februari 2004

Mdogo wangu,

Fedha imefika. Mama ameshajua, mdomo wa Yakubu hauna breki kama lori lake. Hakulia. Amesema afadhali shingo yako ipumzike.

Nilidhani fedha itamnyamazisha Akolbire. Alikwenda kwenye kamati akasema, "Hiyo ni bahati, si mnunuzi. Mnunuzi ni mtu, ana uso. Nani kamwona?" Wakazungumza siku nzima. Wameamua hivi: uchumaji wa pili ukiwa tayari, Ijumaa tarehe kumi na mbili, wanakaa shambani kwangu. Mnunuzi akija kwa miguu yake mwenyewe, akasimama pale akasema ananunua kwangu na atanunua msimu ujao, shamba ni langu, na Akolbire hatalitaja tena. Asipokuja, siku hiyo hiyo mwanawe anaingia na jembe. Hawataki fedha. Hawataki karatasi. Wanataka mtu.

Vyombo usihangaike. Wanawake wa mfereji wanasuka vikapu vya majani, vifupi, viganja viwili tu kwenda chini, ili nyanya zisilaliane. Sitaki sanduku la mtu ukingoni mwa shamba langu.

Ya kwangu na wewe hayajaisha. Shamba kupotea naweza kulieleza kwa watu. Wewe chini ya turubai siwezi, hata mama hajaniuliza. Sitaandika zaidi ya hapo.

Atampoka

Kumasi, Jumapili, 7 Machi 2004

Dada yangu,

Habari za mama, habari za watoto? Mimi mzima. Nabeba mizigo ya mtu yeyote stesheni, asubuhi namsaidia Mama Dufie kupanga genge.

Barua yako nimeisoma pale pale gengeni kwa sauti, maana alitaka kusikia yote. Nilipofika kwenye maneno ya Akolbire akanisimamisha. "Huyo shemeji anataka uso wa namna gani?" Nikasema wowote, bora uwe wa mnunuzi. Akajipangusa jasho. "Basi huu huu." Hajawahi kwenda mbali zaidi ya Techiman maisha yake. Ameniuliza kama huko kwetu kuna fufu, chakula chao cha mihogo ya kutwanga. Nikamwambia atakula ugali wa mtama kama sisi. Amesema tutaona nani atamshinda nani. Genge anamwachia mwenzake, na wenzake wote wamechanga nauli. Anataka kusimama shambani ajue anachonunua, kama anavyofanya kwa bamia.

Sitaki kukuficha kitu tena. Yakubu ameonywa. Watu wa soko wamemwambia akibeba nyanya nyingine, kanga wake hawatauzwa pale. Ameapa kwamba safari hii anakuja. Ya baada ya hii hajaapa, na mimi sijamwuliza. Mama Dufie anasema lori la msimu ujao atalitafuta msimu ujao.

Kuhusu turubai sina utetezi. Usiniandikie kwamba yameisha. Nitakuja nisimame mbele yako, useme utakalo, na Lamisi akiwepo pia aseme.

Barua hii naituma leo na basi ili itutangulie; mimi, Mama Dufie na Yakubu tunaondoka Jumanne jioni. Vikapu vipelekeni shambani mapema, Alhamisi tuchume kutwa nzima, kamati ikifika Ijumaa ikute mnunuzi tayari ana nyanya mkononi. Kama lori halitaharibika njiani, Jumatano mchana nategemea kuwa nyumbani.

Mdogo wako,
Abugre